Haki Yangu ya Kufokewa

Kandiah Sivapragasam,
Duka la Vitabu, mkabala na Soko la Bukit Lada,
Ipoh.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wauza Chakula, Soko la Bukit Lada.

Ndugu Mwenyekiti Wong,

Pole kwa mguu. Nasikia jongo limekurudia, na sishangai, kwa kuwa daktari alikukataza utumbo wa nguruwe mbele yangu nawe ukaagiza sahani ya pili kabla hajafika mlangoni. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, mguu juu ya stuli, ukiwa na muda wa kusoma. Salamu zimeishia hapo. Sasa ugomvi.

Ijumaa kamati yako inakaa kuamua jambo la Dada Thidar. Ndiye anayeendesha kibanda cha tambi cha Shangazi Yoke tangu Shangazi mwenyewe ashindwe na magoti na kuhamia kwa binti yake Johor. Mtaamua ama apewe kibali akiendeshe kwa jina lake, ama arudi kuosha vyombo na kibanda kiende kwa mtu mwingine. Umebandika tangazo karibu na mabomba ya maji ukiomba maoni ya wateja wa zamani. Mimi ni mteja wa zamani. Nilianza kula pale sijaota ndevu, na sasa ndevu zina mvi. Maoni yangu ni kwamba asipewe. Nitaeleza kwa nambari, maana naijua kamati yako: ina watu wanaosinzia, na nambari huwasaidia kujua walisinzia wapi.

Kabla ya nambari, niweke jambo moja wazi ili nisije nikapata wafuasi nisiowataka. Sina ugomvi na tambi. Mchuzi ni uleule wa kuku na vichwa vya kamba, mafuta mekundu yanaelea juu kama zamani, machipukizi ya choroko yanalia mdomoni inavyopaswa. Atakayekuambia ladha imeharibika ni mwongo, na akiwa ni Bwana Tan wa kibanda cha wali, basi ni mwongo anayekitaka kibanda. Wala mimi si katika wale wanaodai kwamba mkono uliozaliwa Myanmar, kama wa Thidar, hauwezi kupika chakula cha Ipoh. Hao nimepigana nao magazetini miaka mingi. Niliwauliza babu zao walitoka wapi, na mpaka leo nasubiri majibu.

Malalamiko yangu ni kwamba hanifokei.

1. Katika kibanda kile kufokewa ni sehemu ya chakula, kama pilipili. Shangazi Yoke hakuwahi kumkaribisha mtu. Mtu akisita kidogo kuagiza, aliambiwa: "Unatazama nini? Tambi ni zilezile tangu mama yako ana mimba yako. Agiza au pisha." Wageni walidhani ni ukali. Sisi tulijua ni kitu kingine. Mimi ni Mtamil niliyekulia katikati ya watu wanaoongea Kikantoni, Ndugu Mwenyekiti. Polisi wameniomba kitambulisho, benki wameniomba kitambulisho, mlinzi wa duka la viatu aliniomba kitambulisho. Shangazi Yoke hakuniomba. Siku ya kwanza nilipokwenda kula peke yangu bila baba, alinitazama juu ya sufuria akasema, "Wewe miguu mirefu, ikunje, watu wanapita." Nikaikunja. Tangu siku hiyo sijawahi kuwa na shaka mimi ni wa wapi.

2. Dada Thidar anaweza kufoka. Nasisitiza hili ili asije mtu kamatini akamtetea kwamba hajui. Alipofika hapa alikuwa anasema "ndiyo bosi" kwa kila kiumbe. Hata paka wa soko alikuwa bosi. Shangazi alimfundisha sufuria kwanza, kisha mdomo. Alianza kwa kuzifokea sahani. Akapanda akamfokea mleta barafu. Kisha asubuhi moja Bwana Chooi, daktari wa meno, alikuwa amemaliza kula na anaendelea kukaa akipekua simu, na Thidar akamwambia kwa Kikantoni safi kabisa: "Daktari, meno ya watu unayang'oa dakika moja, kiti changu unakikalia mpaka jioni? Nacho kina jino la kung'oa?" Sote tuliweka vijiti mezani. Shangazi Yoke, magoti yamefungwa vitambaa, akasema tu, "Sauti bado ndogo." Lakini tulimwona ameridhika. Mimi ndiye niliyemnunulia Thidar kahawa siku ile. Wengine leo wanajidai ndio waliomgundua. Waambie nimesema si kweli.

3. Ndipo ilipokuja programu. Unamjua Keong, mkwe wa Shangazi, mume wa yule binti aliyebaki hapa, kijana wa kompyuta, mwenye kununua kila kitu chenye waya. Akaweka kishikwambi kwenye kila meza ili watu waandike namba ya simu na kuagiza kwa kubonyeza, na akaweka taa ndogo kando ya sufuria ya Thidar. Alituambia programu ile haiji na akili kamili. Inajifunza kwa wateja. Basi ikajifunza. Watalii walibonyeza nyota moja na kuandika, "Mpishi amenigombeza." Watu wa hapa karibu wote hatukubonyeza nyota yoyote, kwa sababu nani anampa shangazi yake nyota? Programu ikahitimisha kwamba ukali unafukuza wateja, ikaamuru upole kwa wote.

Nadhani unaukumbuka mwezi ule. Thidar alimwambia Bwana Chooi, "Asante kwa subira yako, tunathamini ujio wako," na yule mtu mzima akaenda moja kwa moja kupima damu, akiamini kwamba kuna jambo baya ameonekana nalo usoni. Mama Lau wa duka la dhahabu alimshika Thidar mkono akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nimekukosea nini? Sema tuyamalize." Baada ya hapo watu walihamia kwa Bwana Tan, ambaye hakufundishwa ukorofi na mtu yeyote, anao wa kuzaliwa.

Programu, nakiri, si mpumbavu. Iliona viti vitupu ikajisahihisha. Ikawagawa watu mafungu mawili. Anayekaa akiwa mtu wa nyumbani, taa inawaka nyekundu, na Thidar anafoka. Anayekaa akiwa mgeni, taa inawaka kijani, na Thidar anashukuru. Kibanda kimejaa tena. Wageni wanapiga picha, wenyeji wanatukanwa, kila mtu anakwenda zake ameshiba. Biashara imejifunza, mfanyakazi amejifunza, mashine imejifunza. Ukisoma vitabu vya watu wenye elimu yao kuhusu mambo haya, utaona wanaita hayo mafanikio.

4. Taa yangu ni ya kijani.

5. Ninapokaa sasa naletewa uma. Uma, Ndugu Mwenyekiti, kwenye tambi. Kishikwambi kinanionyesha picha ya machipukizi ya choroko na kunieleza kwamba ni mboga. Kinanitahadharisha juu ya pilipili. Kinaniuliza kama ni mara yangu ya kwanza Ipoh, na nikibonyeza "hapana" kinanipongeza kwa kurudi. Wiki iliyopita kimenipa ramani ya kwenda kwenye mapango yenye mahekalu, mapango ambayo nimeandika makala juu yake na kugombana na halmashauri juu yake, na ambamo, kama ungeuliza, nilichumbia. Na Thidar, mtu niliyemnunulia kahawa, anainama kidogo na kusema, "Mteja mpendwa, karibu tena."

6. Usinidhanie nilikaa kimya kama mzoga. Nimefanya kila ambalo mtu mwenye heshima zake anaweza kufanya ili afokewe. Nilikwenda wakati anafunga, sufuria imeshainuliwa, nikaagiza. Akasema, "Bila shaka, mteja mpendwa," akaiwasha tena. Niliomba sukari kwenye mchuzi. Akaleta sukari. Nilitoa kiti nikakiweka katikati ya njia, nikanyoosha miguu hii hii ambayo Shangazi Yoke aliitambua. Watu wa kubeba sinia wakaanza kuruka kama mbuzi. Thidar akanyunyiza tabasamu akauliza kama ningependa mto wa mgongoni.

Meza ya jirani, Bwana Chooi alikuwa ameegemeza kiwiko tu. Kiwiko. Akasikia: "Daktari, hiyo meza si kitanda. Ukichoka nenda kwa mkeo." Na Bwana Chooi akanigeukia mimi na uso wa mtu aliyepewa nishani na mfalme, akasema, "Leo kanikamata vizuri, sivyo?" Nikashindwa kumaliza bakuli langu.

7. Nilimfuata Keong nikamuuliza kwa nini. Alifungua kompyuta yake, akasoma, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mjomba Siva," akasema, "programu inaamini wewe ni mtalii."

"Mtalii wa wapi?"

"Haijaamua. Lakini umetoa nyota tano kila siku. Umeandika maoni marefu kuliko orodha ya vyakula. Unasoma maelezo mpaka mwisho. Ukiagiza unabonyeza 'tafadhali'. Mjomba, hakuna mtu wa Ipoh anayefanya hayo."

Na ni kweli niliandika, Ndugu Mwenyekiti, na sijutii hata koma moja. Watalii walikuwa wanamzika yule dada kwa nyota moja moja. Nilikaa nikampigania. Niliandika juu ya historia ya mchuzi, juu ya uhuru wa mpishi, juu ya maana ya ukali katika ustaarabu. Maoni yangu ya tatu yana tanbihi. Nilimwambia Keong anifute kwenye fungu la wageni. Akasema haifutiki hivyo, inabidi programu ijifunze yenyewe: "Usisifu, usishukuru, kula uondoke. Ukikaa hivyo miezi kadhaa itakuzoea." Yaani ili nithibitishe kwamba mimi ni mtu wa hapa, niache kusema lolote jema juu ya hapa. Nimejaribu siku mbili. Siku ya pili nilijikuta naandika maoni kuhusu ugumu wa kutoandika maoni.

8. Sasa nifike kwenye kiini, na hapa naomba mwenye kusinzia aamshwe. Biashara humsikiliza anayelalamika. Mfanyakazi hujifunza kwa anayemfokea. Mashine hujifunza kwa anayeibonyeza. Sisi wateja wa zamani hatukulalamika, hatukufoka, na ukiniondoa mimi, hatukubonyeza. Tulikula tu, tukiamini kwamba kula ni kujieleza vya kutosha. Kwa hiyo wote watatu wamejifunza kwa watu waliopita mara moja wakielekea uwanja wa ndege. Hilo ni kosa letu, nalikubali. Lakini mashine ni kipofu, inasamehewa. Thidar ana macho.

Nilimwambia hivyo. Nilisimama mbele ya sufuria, nikasema, "Dada Thidar, wewe unanijua."

Akaitazama taa, ya kijani. Akanitazama mimi. Akasema taratibu, upawa ukiwa mkononi, "Nakujua, Mjomba. Lakini kishikwambi kinasikia, na kila kitu kinaandikwa. Nikifoka penye kijani inahesabiwa kosa. Kamati imeomba taarifa ya makosa yangu, Ijumaa wataisoma. Nikiwa na kosa, kibanda kinakwenda kwa Bwana Tan na mimi narudi kwenye masinki."

Kisha akaniongezea nyama ya kuku bila kuombwa, kama anavyofanyiwa mgonjwa.

Sikiliza hoja yangu, Ndugu Mwenyekiti, maana haina mwanya. Mtu anayejua lililo kweli na kutii taa hafai kukabidhiwa kibanda cha Shangazi Yoke. Shangazi alimfokea mkaguzi wa afya akiwa ameshika karatasi za kumfungia. Alimfokea mbunge wakati wa kampeni, tena mbele ya wapiga picha. Thidar amerithi mchuzi, amerithi ulimi, lakini hajarithi moyo wa kuuponza mkate wake kwa ajili ya neno moja linalostahili kusemwa. Hilo halifundishiki. Ama unalo ama huna, na yeye hana.

9. Kwa hiyo naomba kamati iazimie yafuatayo:

(a) Dada Thidar asipewe kibali.

(b) Kila mkazi wa Ipoh aliyekula kwenye kibanda kimoja zaidi ya miaka kumi apewe hati ya kufokewa, yenye picha na mhuri, na mpishi asiyeiheshimu atozwe faini.

(c) Neno "mteja mpendwa" liorodheshwe pamoja na moshi na panya katika mambo yanayoweza kusababisha kibanda kufungwa.

(d) Wapishi wote wanaotoka nje wafanyiwe mtihani, si wa mambo waliyojifunza, bali wa mambo waliyofundishwa na watalii, na wayasahau mbele ya mashahidi.

(e) Chama kigharamie gari la kumleta Shangazi Yoke kutoka Johor kila mwisho wa mwezi anifokee mimi binafsi. Ikishindikana kwa ajili ya magoti, nitakwenda mimi, lakini kwa nauli ya Chama.

(f) Yakishindikana yote, suala hili lipelekwe Kuala Lumpur, na Kuala Lumpur ikishindwa lipelekwe kwenye Umoja wa Mataifa, ambako nimeshaandaa rasimu.

Nisalimie mkeo, na umwambie nyanya alizonipa zimeota. Nisalimie katibu wenu akiamka. Msalimie mweka hazina, wazee wa meza ya karata, mama wa chai ya maziwa na mwanawe, na mkaguzi wa afya aliyesalimika. Bwana Tan usimsalimie; akiuliza, mwambie barua ilikuwa fupi.

Ni mimi, katika ukali wote na heshima yote,

Kandiah Sivapragasam

N.B. Sikuwa nimetia barua hii kwenye bahasha nilipokumbuka kwamba haki haitendeki bila mshitakiwa kusikia mashitaka. Asubuhi ya leo nikaipeleka kibandani, foleni ikiwa imefika kwenye ngazi. Nikakaa, taa ikawaka kijani kama kawaida, nikampa Thidar aisome. Akafuta mikono kwenye aproni. Akaisoma yote, mchuzi ukichemka, watu wakinung'unika. Alipofika hoja ya nane alirudia kuisoma. Kisha akaipiga barua juu ya kaunta na kusema, kwa sauti ambayo nadhani imefika Johor:

"Wewe Siva. Huna kazi? Watu wanaomba kuokolewa baharini kwa mstari mmoja, wewe kurasa zote hizi unaomba nini, utukanwe? Mimi sina moyo? Nimeamka kabla ya jogoo, mikono imeungua, wewe umekaa meza ya watu wanne peke yako unaandika habari za moyo wangu? Nyota zako nani alikuomba? Maoni yako nani anayasoma, na tanbihi ni mdudu gani? Sogea kwa Daktari pale, ukunje hiyo miguu. Kula. Ukimaliza ondoka, watu wana njaa."

Nikaikunja. Kishikwambi kikalia. Keong amenithibitishia kwamba kosa limeandikwa, la kwanza katika taarifa yake nzima, na kwamba Bwana Tan ameshaomba nakala.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba hoja ya nane ifutwe, na kwa kuwa zile nyingine zimesimama juu yake, zifutwe nazo. Naomba kibali apewe Ijumaa hiyo hiyo, na asipopewa nitaandika barua nyingine, ndefu kuliko hii. Kuhusu kosa lililoandikwa, mimi ndiye niliyefokewa na nitakuja mbele ya kamati kushuhudia kwamba halikuwa kosa. Nitakuja na Bwana Chooi, ambaye anasema hajawahi kusikia kama lile na ana wivu.

Naituma barua hivyohivyo ilivyo kwa sababu Thidar ameniamuru. "Peleka," amesema, "wajue nafanya kazi na watu wa namna gani."

Ombi la mwisho ni la siri. Mkimwita mbele ya kamati, tafadhali msimwambie kwamba nimefurahi. Akijua, anaweza kuja kunishukuru.

K. S.